Pua ya Benako

Batsinda, Kigali
4 Mei 2025

Mpendwa Mjomba Mutsinzi,

Shikamoo. Msalimie Mama Daphrose, mwambie vitenge alivyotufungia Pasaka vimeshafika kwa fundi. Huku mvua haijakatika. Nyonga ya Mama inaendelea vizuri tangu operesheni. Anapanda ngazi za kanisa bila kushikwa mkono, ila basi bado hawezi. Akikaa kwenye kiti cha basi saa mbili tu, machozi yanamtoka.

Nakuandikia kuhusu gari lake. Unakumbuka siku tunaondoka kwako, Mama alikuuliza, "Kaka, humu ndani hakuna harufu ya petroli?" Ukaingiza kichwa, ukavuta pumzi, ukasema hakuna kitu, ni harufu ya barabara. Mimi, Mjomba, nilikuwa naisikia. Lakini wewe ndiye uliyenifundisha kazi, na madereva wa malori kutoka Dar mpaka Kigali wanakuita Pua ya Benako. Nikasema pua yangu ndiyo mbovu.

Tulivuka Rusumo mvua ikipiga, vioo tumevifunga. Kufika Kayonza Mama akasema kichwa kinamuuma. Rwamagana alitapika, miguu ikamlegea, sikuweza kumsimamisha peke yangu. Daktari aliuliza kama tulibeba petroli ndani ya gari. Sikukuambia kwenye simu siku ile kwa sababu Mama alikataza.

Sasa anataka kuliuza. Kuna mtu wa Rebero, anaitwa Aimable, ameshalipenda. Nimemwomba Mama anipe mpaka mwisho wa Agosti nitafute ugonjwa, amekubali kwa shingo upande. Likiuzwa hatafika tena kwako, maana basi hawezi, na wewe mwaka wa tisa huu unasema utakuja Kigali "mwaka ujao".

Taa ya injini inawaka. Kompyuta ya gereji inasema mvuke wa petroli unavuja mahali fulani, tundu dogo. Nimebadilisha mfuniko wa tangi, mpira wake ulikuwa umekauka. Taa ikazimika siku sita, ikarudi. Ungekuwa wewe ungeanzia wapi?

Mpwa wako,
Mutesi


Benako, Ngara
19 Mei 2025

Mutesi mwanangu,

Marahaba. Umefanya vizuri kuandika. Simu ni ya salamu na misiba. Ufundi unataka karatasi, mtu aandike, afute, aone ujinga wake mwenyewe kabla mwingine hajauona. Daftari nililokupa ukiwa kidato cha pili bado unalo?

Sisi wazima. Daphrose amenuna tangu juzi kwa sababu maharage yaliungua mpaka sufuria ikawa nyeusi, nami nimekaa hatua tatu kutoka jikoni nasoma gazeti. Anasema uzee umenipeleka mbali. Silvère, dereva atakayekuletea barua hii, ni mtu mwaminifu, ila usimpe chai kabla hajakupa bahasha, maana akianza hadithi husahau kilichomleta.

Mama yako sasa anakula? Analala vizuri? Niandikie hilo kwanza kabla ya gari.

Haya. Mfuniko ni pa kuanzia, hukukosea. Lakini ugonjwa huu haukimbiliwi. Mvuke wa tangi haupaswi kutoka nje: unapita kwenye paipu, unaingia kwenye lile kopo lenye mkaa, mkaa unaumeza, halafu injini ikishawaka vali inafunguka na kuuvuta ukaungue. Safari nzima hiyo ina viungo vingi, na kila kiungo kinaweza kuwa mwongo. Usinunue kifaa kingine kabla hujaona. Gereji yenu ina mashine ya moshi? Sukuma moshi ndani, kaa chini na tochi, nyamaza, ungoje.

Barabara ile ya Rusumo ina malori mengi, moshi wake ni mbaya kwa mtu aliyetoka hospitali.

Mjomba wako,
Mutsinzi


Batsinda
8 Juni 2025

Mjomba,

Shikamoo. Mama anakula na analala. Ila gari analipanda kwa shida. Jumapili nampeleka kanisani akiwa kiti cha mbele, kioo chini, leso puani, watu wanadhani tumegombana. Daftari ninalo.

Bosi wangu Kenny, yule aliyekulia Kampala, alinipa gereji Jumamosi nzima. Mwenyewe alisimama mlangoni kunicheka: "Mutesi, hii gari iko inakumaliza. Uza tu, tuendelee na kazi za watu." Nilisukuma moshi, nikalala chini. Dakika kumi hakuna kitu. Halafu uzi mwembamba ukatokea nyuma, juu ya kopo, pale paipu inapopinda. Mpira umepasuka, ufa mdogo hata ukucha haushiki. Nilipiga kelele mtaa mzima wa gereji wa Gatsata ukageuka. Kenny akaniletea soda.

Nilibadilisha. Zaidi ya wiki hakuna taa wala harufu, Mama akaanza kupandisha kioo. Nikajiona fundi.

Jumanne iliyopita Mama alikwenda kujaza mafuta mwenyewe. Alipotaka kuondoka kituoni gari likakataa kuwaka. Lilizungushwa mara nne, mara tano, likawaka kwa kukohoa. Jioni nilipofungua mlango, harufu ile ile. Mama alirudisha leso puani. Alichukua simu mbele yangu akampigia Aimable kumwuliza kama bado analitaka.

Mjomba, kuna jambo hukulijibu. Niliandika kwamba siku ile niliisikia harufu. Wewe umeniandikia habari za malori.

Mutesi


Benako
2 Julai 2025

Mutesi,

Barua yako ilikaa Rusumo siku kumi na mbili ndani ya lori la Silvère, mzigo wake ulikosa karatasi. Amekuja amekonda, anasema ameona kila mjusi wa pale mpakani.

Lilikataa kuwaka baada ya kujaza. Ungemwuliza mama yako kama huwa hivyo tangu barua ya kwanza, tusingepoteza mwezi.

Fanya hivi. Asubuhi, injini ikiwa baridi, ng'oa paipu inayotoka kwenye kopo kwenda kwenye vali. Washa, usikanyage mafuta, weka kidole kwenye mdomo wa vali. Injini baridi haitakiwi kunyonya. Ikinyonya kidole chako, vali haifungi. Kisha fungua kopo lenyewe, lishike mikononi. Kopo zima ni jepesi, mtoto analibeba. Niambie uzito wake.

Nina wazo langu, lakini silisemi mpaka uone mwenyewe.

Msalimie dada yangu. Mwambie asiuze kwanza. Mwambie nimemwomba.

Mutsinzi


Batsinda
20 Julai 2025

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Sote wazima. Mama ameziona salamu zako, akazisoma mara mbili, akasema, "Aje aniombe mwenyewe."

Vali ilikinyonya kidole changu vizuri kabisa. Nilipoifungua nikakuta chembe nyeusi zimekwama mdomoni mwake, mkaa wa kwenye kopo umesagika ukasafiri mpaka mbele. Kopo lenyewe lilikuwa zito mpaka nikadhani halijafunguka vizuri. Nililiinamisha juu ya beseni, ikatoka petroli. Petroli yenyewe, Mjomba, si mvuke. Mkaa ulizama zamani.

Nikajiuliza imefikaje pale. Ijumaa nikafuatana na Mama kituoni. Nakuandikia nilichokiona kwa sababu nadhani unakijua. Pampu ilijikata, *tak*, tangi limejaa. Mama akashuka na fimbo yake. Akamwamuru kijana wa pampu aongeze. Ikajikata tena. Akaenda nyuma ya gari, akaliegemea kwa ile nyonga nzima, akalitikisa mapovu yashuke, akasema, "Ongeza, bado shingo." Mara tatu! Watu wanatazama. Petroli ikaonekana kwenye mdomo wa tangi ndipo akatosheka.

Nilimwambia hivyo ndivyo kopo linavyozama. Akanijibu, "Wewe unamfundisha nani? Hii alinifundisha kaka yangu, kabla hujazaliwa."

Kwa hiyo nimeshajua, na naona na wewe ulijua tangu uliposoma barua yangu ya Juni. Naweza kuweka kopo jipya na vali mpya. Kenny ameviona kwenye gari lililogongwa, vizima. Lakini Mama akienda kujaza mara mbili tatu tumerudi pale pale, na kwangu hasikii. Yai halimfundishi kuku. Ni wewe tu anayekusikia.

Nimempa Silvère chupa ndogo, ndani kuna chembe za mkaa. Naomba uifungue, unuse, uniambie ni petroli ya kiasi gani iliyoingia. Pua yako itajua kuliko kompyuta yetu.

Mutesi


Benako
3 Agosti 2025

Mwanangu,

Chupa nimeipata. Nimeifungua, nimenusa: petroli tupu, kali, mkaa umekunywa mpaka kiini. Umepima vizuri.

Kuhusu kujaza mpaka shingoni, usimcheke mama yako. Wewe hukuwepo. Baada ya vita vya Kagera, petroli ilikuwa ikipatikana siku moja, halafu wiki tatu hakuna. Tulipanga foleni siku mbili na shuka zetu. Baba alikuwa na pikapu moja, ndiyo iliyopeleka hospitali wagonjwa wa kambi yetu nzima ya wakimbizi. Mimi nilikuwa kijana, mama yako Winifred msichana. Nilimfundisha: pampu ikinyamaza, tikisa, ongeza, nusu lita ile ndiyo itakayomfikisha mtu. Mara moja ilimfikisha mama yetu mwenyewe. Gari la siku zile lilikuwa tangi na injini, basi, halina kopo wala kompyuta. Nani aliwaambia hawa wa leo waweke mkaa kwenye gari?

Na ndugu akitoka kwangu, tangu siku hizo, hatoki na nafasi kwenye tangi. Unajua. Pasaka hii nililitikisa mimi mwenyewe pale sheli, nikiwa na furaha.

Nitafikiri jinsi ya kumwambia.

Mutsinzi


Batsinda
10 Agosti 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nisamehe kabla sijaandika.

Chupa ile haikuwa na petroli. Niliponda mkaa wa jiko letu, nikaulowesha siki. Silvère alilalamika kwamba siki ilimpasua kichwa njia nzima kwa sababu kifuniko hakikubana.

Ulinifundisha kwamba kiungo ukikishuku usikitukane, ukitenge na vingine, ukipime peke yake. Sikujua njia nyingine ya kukupima. Nimelia wakati wa kuifunga chupa, na nimelia zaidi niliposoma jibu.

Tangu lini?

Mutesi


Benako
24 Agosti 2025

Mutesi,

Nilipoisoma barua yako niliikasirikia siku nne. Nilisema mtoto niliyemshikisha spana ya kwanza amenitegea mtego kama panya. Siku ya tano nilikwenda jikoni kwa Daphrose nikafungua chupa ya siki, nikaiweka puani mpaka macho yakatoka machozi. Macho yalijua. Pua haikujua kitu.

Tangu ile homa ya mwaka wa barakoa. Nilipona kifua, pua haikurudi. Nilingoja mwezi, nikangoja mwaka. Kahawa ni maji ya moto. Daphrose akipika sijui kama ni samaki au ni kuku mpaka nione. Sikumwambia yeye wala mtu yeyote. Dereva anasimamisha lori Benako anasema, "Muzehe, nusa hapa uniambie," nami nainama, navuta pumzi, halafu natazama rangi ya mafuta, nagusa, nasikiliza, nabahatisha. Mara nyingi nimepata. Jina likishakuwa kubwa, watu wanakusaidia kudanganya.

Sasa sikia ninalolikwepa tangu Mei. Siku ile dada yangu aliniuliza mimi, si mwingine. Niliingiza kichwa ndani ya gari lililojaa sumu, nikavuta pumzi, nikakuta hakuna kitu, kama kila siku. Ningeweza kusema, "Sijui, muulize Mutesi." Maneno matatu tu. Nikaona aibu mbele ya wateja wawili waliokuwa wamekaa kwenye benchi. Nikasema ni harufu ya barabara, nikampeleka sheli nikamwongezea sumu juu yake kwa mkono wangu, naye ananishukuru. Halafu nikawapungia mkono.

Ningemuua Winifred kwa sababu ya watu wawili ambao sasa hata majina yao siyakumbuki.

Na wewe pua yako ilikuwa sawa. Uliisikia, ukaacha kuiamini kwa ajili yangu. Hilo ndilo linaloniuma kama fundi. Usirudie kumwamini mwalimu kuliko kilichoko mbele yako, hata mwalimu akiwa mimi.

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine, ya mama yako. Usiifungue. Mpe akiwa ameketi.

Mjomba wako


Batsinda
31 Agosti 2025

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Mama aliipokea barua akiwa anachambua mchele. Akaingia nayo chumbani, akafunga mlango. Mchele ukakaa mpaka jioni. Sijui umemwandikia nini na hajanionyesha.

Alipotoka alikuwa ameshavaa miwani na kitambaa kichwani kama mtu anayekwenda mkutanoni. Akampigia Aimable, Kinyarwanda kirefu cha heshima, akamwambia gari haliuzwi. Halafu akaniuliza jambo moja tu: "Hata kahawa haisikii?" Nikamwambia hata kahawa. Akasema, "Na alikuwa anakunywa mbele yangu anasema tamu." Akarudi chumbani.

Kopo na vali nimeweka. Moshi nimesukuma mara mbili, hakuna uzi hata mmoja. Jana tumejaza mafuta. Pampu ilipojikata, kijana wa kituo, ambaye anamjua, akabaki ameshika mpini wa pampu akisubiri amri. Mama akatazama mbele. Akasema, "Yego, inatosha." Yule kijana aliinama kumchungulia kama mtu anayeona mgonjwa. Gari liliwaka mara moja.

Nitalisikiliza mwezi mzima kabla sijaliamini. Nikiliamini, tunakuja.

Mutesi


Benako
12 Oktoba 2025

Mutesi mwanangu,

Mmeondoka Alhamisi, leo Jumapili, na nyumba bado kubwa. Daphrose anakusalimu. Ananisalimu na mimi pia, siku hizi, maana tangu nilipomwambia amenuna kwa njia mpya: ananiletea kila kitu puani kwanza, halafu ananiambia ni nini, kwa hasira.

Ulikuwa chini ya lile lori la mchanga siku nzima ya Jumatano, kwa hiyo kuna jambo hukuliona. Mama yako alikuja gereji na fimbo yake, akaketi kwenye benchi, lile lile. Nilingoja anigombeze. Nilikuwa nimejiandaa tangu Agosti. Hakunigombeza. Aliilaza fimbo magotini, akasema, "Daphrose ameanza kukaanga vitunguu." Nikadhani ana njaa. Baadaye akasema, "Lori hili limemwaga dizeli, upande wako wa kushoto." Nikatazama, kweli. Halafu, "Mvua inakuja, udongo umeanza kunukia." Nikaelewa anachofanya. Alifanya hivyo mpaka jua likashuka, kwa sauti ya kawaida, kama anayesoma matangazo ya kanisa, na mimi naendelea kufunga nati nisimtazame, maana ningemtazama nisingeweza kuendelea.

Nikamwuliza, na Mutesi ananukia nini? Akacheka. "Grisi na sabuni ya mche. Kama wewe ulipokuwa kijana."

Madereva nimewaambia. Nilianza na yule wa Kahama mwenye domo, ili nisilazimike kuwaambia wengine. Wawili hawajarudi. Waliobaki wananusa wenyewe, wananisimulia, mimi nawaambia ugonjwa. Tunakwenda.

Pale sheli asubuhi ya kuondoka kwenu niliishika pampu mimi, kama kawaida. Ikajikata. Mkono wangu mwingine ulikuwa umeshafika kwenye bodi ya gari kulitikisa, wenyewe, bila kuniuliza. Mama yako alinitazama kwenye kioo cha pembeni. Nikaitundika pampu. Mara ya kwanza maishani dada yangu ameondoka kwangu na nafasi kwenye tangi, na niliona vibaya, kana kwamba nimemtoa mezani kabla hajashiba.

Saa nane ulipopiga simu sikuwa nimeketi, nilikuwa nimesimama kando ya barabara. Ukampa. Akasema, "Tumefika, kaka. Kichwa hakiniumi." Nikamjibu vizuri, ulisikia mwenyewe. Halafu nikaweka simu mfukoni nikalia pale pale mbele ya malori.

Daphrose alitoka mbio na mwiko mkononi akauliza ni msiba. Nikamwambia hapana, ni salamu tu.

Mjomba wako,
Mutsinzi